Gunia Lililogeuzwa Ndani Nje

Mtaa wa Tena, Nairobi
Jumapili, 9 Februari 2025

Kwa mke wangu Kasiva,

Pokea salamu za mumeo wa mjini, yule mwenye meno yote. Babu, mumeo wa kweli, ambaye mlinipa jina lake na ndiyo maana nakuita mke, hakuwahi kukuandikia barua hata moja, kwa hivyo hapo tayari nimemshinda, na bado sijaanza. Sisi huku ni wazima. Wewe Susu, nyanya yangu, na mbuzi, na majirani wa hapo Nguni, natumaini mko salama. Yule beberu aliyenipiga pembe Krismasi, mwambie nakumbuka.

Baba alirudi na lori kutoka Juba, akalala siku mbili, akaondoka tena. Haongei. Ukimuuliza kama maji yamekuja, anautazama mfereji, basi, hilo ndilo jibu. Mdogo wangu Mukai ameingia gredi ya nne na anajua kila kitu. Juzi nilikuwa naombea chakula, akanisahihisha Kiswahili kabla ya amina.

Mimi niko poa kabisa. Nafanya kibarua kwenye ghala la mabati kule Industrial Area. Foreman hawezi kufunga lori bila kuniuliza. Sawa, huwa ananiuliza kama nimemaliza, lakini kuuliza ni kuuliza. Na mtu aliyeachia shule kidato cha pili akiulizwa kitu na mtu mwenye diploma, hayo ni maendeleo.

Sasa maneno yenyewe. Gunia la mahindi lilifika na barua yako ndani yake, inanuka vumbi la kwenu. Abdirizak, yule kondakta wa basi la Garissa, alinishushia pale Eastleigh akaniuliza, "Wewe kijana, umeoa mwenye shamba?" Nikamwambia ndiyo, na wivu ananionea bure.

Ile ahadi naishika, usiwe na shaka. Mama aliniambia Mukai asile GMO, hayo mazao ya mbegu za maabara, asile unga wa duka ambao hatujui mahindi yake yametoka kwenye mbegu gani, ale ya kwako tu. Tangu tumzike Mama Mei mwaka jana, hakuna pakiti ya unga imevuka mlango huu. Wenzake shuleni wanapakuliwa chakula cha shule, yeye anabeba mkebe wake kama mfanyakazi wa mjengo. Hata mafuta nachunguza. Nilimuuliza Warigia wa duka, "Hii soya iliyoko kwenye mafuta, ni soya ya wapi?" Akaniambia, "Musau, hayo mafuta hayakuja na kitambulisho. Yachukue ama uyaache." Nikayaacha. Tunapikia ya alizeti. Majirani wa ploti wananiita Daktari.

Kile kibao Mama alichokuwa akikiweka mbele ya sufuria zake akiuza muthokoi, yale mahindi yake ya kukobolewa, kimeandikwa HAPA HAKUNA GMO, kiko nyuma ya mlango. Tunatundika makoti juu yake.

Ni mimi, asiyezeeka,
Musau

*

Nguni
Jumamosi, 1 Machi 2025

Mume wangu Musau,

Mimi nipo. Mguu upo, macho yapo. Sikio la kulia limefuata la kushoto, kwa hivyo acha kunipigia ile simu ya jirani. Naona tu midomo yao inanicheka. Mwalimu wa gumbaru, ile shule ya watu wazima, alinifundisha kuandika ili niweze kutia sahihi, na sasa namwandikia mwanamume asiyejua kuweka nukta.

Beberu wako tulimuuza. Hakukuaga.

Mvua bado. Wengine wanasema itakuja tarehe ishirini, wengine wanasema redio imesema. Hayo ni yangu, wewe usiyafikirie.

Nasikia mnasaga kwenye kinu cha watu wengi. Musau, mahindi ya mtu yakishasagwa, unga wake unabaki kwenye mashine, halafu unaingia kwa wako. Mwambie mwenye kinu afagie kwanza. Mama yako alikuwa akifanya hivyo. Si kwamba naogopa. Mimi nasema tu kwamba mahindi ambayo huwezi kuweka mbegu yake ukapanda mwaka ujao, hayo sijui ni mahindi ya nani.

Mkiyala haya niandikie ladha yake. Usiniandikie "tamu" tu, hata mbwa akiulizwa atasema tamu. Niandikie vizuri.

Gunia limepungua kidogo kwa sababu Abdirizak analalamikia mgongo.

Mwangalie mtoto. Mwambie baba yenu namsalimia, hata asipojibu.

Kasiva

*

Tena
Jumapili, 23 Machi 2025

Mke wangu mpendwa asiyesikia,

Habari za huko? Huku tuko tu. Baba yuko Malaba, wamekwama mpakani siku ya sita, amelala chini ya lori lake na anasema ni sawa. Mukai amekuwa wa tatu darasani na amenikataza kumwambia mtu, kwa sababu alitaka kuwa wa kwanza. Kwa hivyo hujasikia kwangu. Na hata ningekuambia, ungesikia kwa sikio lipi?

Nimefanya ulivyosema. Kinu ni cha mama mmoja anaitwa Aoko, kule Mukuru kwa Reuben, karibu na kazini. Jumamosi nilipanga foleni, zamu yangu ikafika, nikamwambia, "Mama, kabla hujasaga yangu, fagia mashine."

"Nifagie nini?"

"Unga wa watu. Pengine una GMO."

Akazima mashine. Watu kama kumi na wawili nyuma yangu wakanyoosha shingo. Mimi nikasimama kifua mbele kama waziri.

"Wewe ni wa serikali?" akaniuliza.

"Mimi ni wa Kasiva."

"Kasiva ni nani?"

"Mke wangu. Ana miaka sabini na sita."

Jamaa mmoja nyuma akasema, "Huyo mke ndiye GMO, msee. Miaka sabini na sita na bado anaolewa na vitoto." Foleni nzima ikaanguka kicheko. Mwanamke mwenye debe kichwani akasema wamsagie yeye haraka, kwamba nyumbani kwake wana njaa ya kula hata hiyo mashine. Lakini mimi sikusonga. Aoko akachukua brashi, akafagia, akapiga bomba kwa mkono mpaka vumbi likatoka. Halafu akasema, "Kuna mama mmoja tu aliyekuwa akinifanyisha kazi hii. Alikuwa akiuza muthokoi langoni mwa viwanda. Nthenya."

Nikasema namjua.

"Siku hizi yuko wapi?"

Nikamwambia ameenda nyumbani. Si uongo. Yuko hapo kwenu, nyuma ya nyumba.

Akanisagia, akaniambia nimpe salamu. Nimeshakupa wewe, umfikishie.

Sasa ladha, kama ulivyotaka. Ni tamu, lakini tamu ya kiume. Ukitafuna unasikia kama maziwa hivi, halafu kama moshi, halafu kama nyumbani. Nilikula mpaka nikalala juu ya meza. Umeridhika? Mukai peke yake ndiye mwenye maneno. Ameweka tonge mdomoni, akaligeuza, akasema, "Haya si ya Susu." Nimemwambia ulimi wake una homa.

Mumeo,
Musau

*

Tena
Jumapili, 4 Mei 2025

Kwa Susu Kasiva,

Salamu. Sisi ni wazima. Leo ni tarehe nne, Mama ametimiza mwaka. Tumefua nguo zote, hata zile safi. Baba alikuwepo, akafua lori.

Gunia la Aprili lilifika bila barua. Nilitia mkono mpaka chini, nikamwaga mahindi yote kwenye beseni, nikakung'uta. Nikafikiri labda umepata mume mwingine. Abdirizak anasema alikuona kando ya barabara, ulimpa gunia, hukumpa neno.

Halafu nimeona kitu cha kuchekesha. Gunia lilikuwa limegeuzwa ndani nje na kushonwa tena kwa uzi mwekundu. Nilipolimaliza nikaligeuza. Huko ndani kuna maandishi ya buluu, yamefutika, na picha ya mikono miwili inasalimiana. Sikuyasoma. Macho yangu yalikuwa na sabuni.

Maneno ya Mukai sasa. Hali ugali. Alianza kwa kupunguza, akaja akaacha. Anakula maharagwe, viazi na sukuma, chai nyeusi, basi. Mkebe wa shule unarudi kama ulivyokwenda. Mwalimu wake aliniita Jumatano. Nilivaa shati la Baba. Akaniambia, "Mtoto amelala mara mbili darasani. Kwani nyumbani hakuna chakula?" Nikamwambia sisi nyumbani tuna chakula kilichochaguliwa kuliko chakula cha shule yake yote. Akasema, "Basi mpe."

Nilirudi nikamuuliza Mukai anataka nini. Akaniambia, "Mama alisema nile ya Susu. Haya si ya Susu. Wewe ndiye uliyeapa, si mimi niliyekuambia uape."

Nilimpiga kofi dogo. Halikuwa kubwa. Hakulia, na mimi sikusikia kitu chochote, hata mkono haukuwasha. Nakuambia tu ujue.

Mshipi wa sare yake nimeutoboa tundu jipya kwa msumari. Susu, nifanye nini?

Musau

*

Nguni
Jumamosi, 24 Mei 2025

Musau,

Nimepata barua yako. Mimi nipo.

Gunia ni gunia. Babu yako alivaa shati ndani nje siku ya harusi na bado tuliishi miaka arobaini.

Usimpige mtoto huyo tena. Ukisikia mkono unataka kupiga, upeleke ukapakie mabati.

Mvua ilikuja siku nne za Aprili ikaenda zake. Hayo ni yangu.

Natuma kifuko cha mahindi. Ni cha Mukai peke yake, si cha baba yenu, si cha kuonjwaonjwa na wewe. Kina majivu. Toa kidogo, osha kwa maji matatu, anika, ukasage, mpikie. Hicho kidogo kikiisha, toa kidogo tena. Akiuliza kama ni ya Susu, mwambie ndiyo. Atajua mwenyewe.

Usiniulize kitu juu ya kifuko hiki.

Kasiva

*

Tena
Jumapili, 15 Juni 2025

Susu,

Natumaini unaendelea vizuri. Huku ni baridi ya Juni, watu wamevaa blanketi kama machifu. Ghalani wamepunguza vibarua, lakini mimi nimebaki. Foreman anasema nimebaki kwa sababu sichoki. Ni kweli, sichoki. Mambo mengi sisikii siku hizi.

Nilifanya kama ulivyoandika. Nilidhani majivu ni uchafu wa jikoni tu, mahindi nikayaosha sana, nikayaanika juu ya paa na kuyalinda dhidi ya njiwa kama askari. Aoko alifagia mashine bila kuambiwa. Nikampikia Mukai. Aliweka tonge la kwanza mdomoni, akafunga macho. Akasema, "Haya ndiyo." Alikula sahani mbili, akakwangua na ukoko. Wiki mbili hizi amekula kila siku. Jana alikimbia kwenye ngazi, nikamsikia.

Halafu Jumatano Baba akarudi. Alikuta kifuko juu ya meza, nusu kimebaki. Akaingiza mkono, akautoa umejaa majivu, akaufungua mbele ya dirisha.

"Hii imetoka wapi?"

"Kwa Susu. Ni chakula cha Mukai."

"Si chakula. Hii ni mbegu."

Nikamwambia mbegu ama chakula ni yale yale, yote ni mahindi. Akakaa kitandani na buti zake. Susu, mtu huyu hajasema sentensi mbili zilizofuatana tangu mwaka jana, na hapo akaongea mpaka chai yake ikaganda. Alisema ulipovuna mara ya mwisho, ile Februari ya mwaka jana baada ya mvua nyingi, Mama alikuwa tayari mgonjwa lakini akaja kwako. Hakuweza kusimama, ukamwekea kigoda. Akachagua mahindi moja moja. Akapukuchua punje za katikati tu, za ncha na za shina akaacha. Akapaka majivu kwa mkono wake, mkatundika juu ya jiko penye moshi. Baba aliona kwa macho yake, yeye ndiye aliyefunga kamba.

Na nimeshasaga nusu.

Kwa nini hukuniambia? Mimi ni mtu wa Tena, Susu. Mahindi nayajua yakiwa ndani ya gunia. Ungesema tu, "Musau, hii ni mbegu," ningekula mabati.

Nusu iliyobaki nairudisha leo na Abdirizak. Nimeipaka majivu ya makaa kwa sababu kuni hatuna, sijui kama ni dhambi. Baba ameifunga kamba. Mukai anajua. Alikunja mdomo wa mfuko mara tatu. Unga uliosagwa bado upo kidogo, utamfikisha Julai kama nitaupima vizuri.

Na kwa kuwa nimeanza, wacha nimalize, maana nikiiweka kalamu chini sitaishika tena.

Umeniuliza ladha na nimekudanganya. Sikujua kama yalikuwa yako ama ya nani. Sisikii ladha. Chumvi naiweka kwa kuhesabu vidole. Ilianza siku ile ya uji.

Ahadi nilimpa Mama hospitalini, Jumatatu ya wiki yake ya mwisho. Siku ya Alhamisi akaniambia, "Musau, nataka uji wa mahindi ya kwetu." Nyumbani hapakuwa na hata punje. Yalikuwa yale mafuriko, basi la Abdirizak limekwama ng'ambo ya Garissa, gunia halijafika. Nilienda kwa Warigia nikanunua pakiti ya unga. Nikapika, nikamimina kwenye chupa ya chai, nikapeleka wodini. Akaniuliza, "Ni wa Susu?" Nikamwambia, "Wa Susu kabisa, gunia limefika asubuhi." Niliapa, hata nikalamba kidole nikakielekeza juu. Akanywa kikombe kizima. Akasema, "Huu ndio wa kwetu."

Nikaosha kikombe. Jumamosi akafa.

Kwa hivyo huyo ndiye Daktari wa GMO. Wa kwanza kuivunja ahadi nilikuwa mimi, na haikuwa imemaliza siku nne.

Ukitaka kuniacha, niache. Talaka uiandike vizuri, na nukta.

Musau

*

Tena
Jumapili, 10 Agosti 2025

Susu,

Salamu. Gunia la Julai halikuja, la Agosti pia. Abdirizak anasema alikuona umekaa kando ya barabara kwenye debe, akakupungia mkono, na wewe ukampungia. Kifuko alikukabidhi mkononi, ameapa.

Unga wa Mukai uliisha tarehe tisa Julai. Nilikung'uta mfuko, nikapata wa kijiko kimoja, nikampikia huo pia. Tangu hapo amerudia viazi na maharagwe. Warigia alinitolea pakiti akaiweka juu ya kaunta bila kuulizwa, akasema, "Chukua, mtoto anaonekana mifupa." Niliitazama mpaka mtu wa nyuma akanisukuma. Sikuichukua.

Matundu ya mshipi sasa ni mawili.

Hata ukinitukana, tuma tusi lenyewe kwa karatasi.

Musau

*

Nguni
Jumamosi, 30 Agosti 2025

Mume wangu,

Nimechelewa kwa sababu nilikuwa natafuta ruhusa ya mtu ambaye hawezi tena kunipa. Nimekaa kando ya kaburi lake mara nyingi, hajibu. Nimeamua mwenyewe.

Unakumbuka kwamba nilifika hospitalini Ijumaa, siku moja baada ya uji wako. Nilikuja juu ya lori la vitunguu na mahindi mgongoni. Ulikuwa umeenda kumchukua Mukai kwa jirani. Sikio la kulia lilikuwa bado linasikia. Mama yako alinivuta karibu akaniambia hivi, naandika kama alivyosema:

"Mama, jana Musau alinipikia uji wa pakiti na kuniapia ni wako. Anadhani ulimi wangu umeshakufa. Usimwambie kama nilijua. Niliumaliza ili aone kikombe kitupu."

Akacheka kidogo, tumbo likamuuma, akaacha.

Nikamuuliza kama nimpikie mwingine kwa yale niliyobeba. Akasema ameshiba.

Basi. Nimenyamaza mwaka na miezi mitatu kwa sababu yeye alisema ninyamaze. Sasa nimevunja, tuko wawili.

Na mimi nimevunja mara mbili, kusema kweli. Ghala langu lilikuwa tupu tangu Januari. Mahindi niliyokuwa nikituma ni ya msaada, tunapimiwa hapo shuleni kwa kopo. Maandishi ya gunia uliyaona, na ulisema una sabuni machoni. Nilikushukuru kwa sabuni ile. Kama ni GMO mimi sijui. Nilimuuliza anayepima, akasema yeye anapima tu. Mimi mwenyewe nayala kila siku na bado nakugombeza. Niligeuza gunia kwa sababu Nthenya alikuwa ameandika kibao chake kwa mkono wake na kukiweka mbele za watu, na sikutaka kibao hicho kifanywe cha uongo na mahindi ya mama yake mwenyewe.

Ulipoandika ile ladha ya maziwa na moshi nilijua hukuonja. Mahindi ya msaada hayana moshi. Nilijua una ugonjwa, sikujua dawa, nikatuma mbegu kwa mtoto angalau apone mmoja.

Mbegu iliyorudi iko juu ya jiko. Imebaki ya kupanda mistari sita. Udongo nimeshaugeuza, nangoja Oktoba. Majivu ya makaa si dhambi, lakini usirudie.

Mpe mtoto chakula, Musau. Nunua hicho kilichopo. Usiapie, usigeuze gunia. Akiuliza kimetoka wapi, mwambie.

Sikuachi. Nani mwingine ataniandikia upuuzi?

Kasiva

*

Tena
Jumapili, 7 Septemba 2025

Mke wangu Kasiva,

Salamu kwako. Baba yuko hapa, leo ameamka akanyoa ndevu. Anasema Oktoba atapita Nguni na lori tupu akusaidie ile mistari sita. Nimemwambia mke ni wangu, aombe ruhusa. Akasema, "Nimeomba." Neno hilo alilisema mwenyewe.

Barua yako niliisoma ghalani, juu ya mabati. Nikaikunja. Nikapakia lori mbili. Nikaisoma tena. Sikulia, Susu, nisikudanganye. Nilisimama tu, na foreman akaniuliza kama nimemaliza.

Jioni nilipita kwa Warigia. Nikachukua ile pakiti.

Mukai alikuwa anaandika hesabu za shule. Nikabandika sufuria, nikakoroga uji. Akaja akasimama karibu na jiko na kalamu mdomoni, akaitazama pakiti.

"Hii ni ya wapi?"

"Ya duka la Warigia."

"Ina GMO?"

"Sijui. Haijaandikwa. Warigia hajui, Susu hajui, mimi pia sijui."

"Na Mama alisema."

Nikamkalisha, nikamsomea barua yako. Yote, hata ile ya kikombe kitupu. Mahali hapo akaniambia nirudie, nikarudia. Akaniuliza kama uji ule ulikuwa na sukari. Nikasema vijiko viwili. Akasema, "Mama alikuwa anaweka kimoja. Ndiyo maana alijua."

Wakati namsomea niliusahau uji motoni. Nilipoutoa ulikuwa umeshika chini. Nikamimina vikombe viwili, na cha Baba cha tatu. Mukai alinusa, akakunja uso, akanywa. Alifika nusu. Akapumzika, akaendelea. Akageuza kikombe juu chini juu ya meza ili tuone.

Nikachukua changu. Nilikunywa tu kwa desturi, kama ninavyokunywa kila kitu.

Susu, uji ulikuwa umeungua. Nilisikia.

Mumeo,
Musau